Barua kwa mwanangu: Hawakukaa tu wakingoja

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mwanafunzi wako huko Ohio ameuliza kwa nini Weusi wa Montgomery, mji wa Alabama kusini mwa Marekani, walivumilia ubaguzi miaka yote ile mpaka mama mmoja, Rosa Parks, alipochoka kwenye basi mwaka 1955, nawe unataka kujua mimi ningemfundishaje.

Ningeanza na basi lenyewe la wakati ule. Viti 10 vya mbele ni vya Wazungu, hata vikiwa vitupu. Mtu mweusi analipa nauli mbele, kisha mara nyingi anaamriwa ashuke akapandie mlango wa nyuma. Kuna madereva walioondoa basi na nauli yake wameichukua. Lichore ubaoni. Lakini usiwaigizishe wanafunzi, tafadhali. Mtoto mweusi asihamishiwe kiti cha nyuma mbele ya wenzake eti ni somo.

Halafu waonyeshe kazi iliyofanyika. Machi 1955 Claudette Colvin, msichana wa miaka 15, alikataa kumpisha Mzungu kiti akakamatwa. Umri wake ni wa hao hao unaowafundisha. Rosa Parks, aliyekamatwa tarehe 1 Desemba, alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, kwa miaka mingi, alijua anachofanya. Na Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alikwisha kumwonya meya kwa barua tangu Mei 1954 kwamba watu wanaweza kuyasusia mabasi. Parks alipokamatwa, Robinson alikesha chuoni na wanafunzi wake wawili wakirudufu kwa maelfu vipeperushi vya kuwataka watu wasusie mabasi Jumatatu. Hapo ningetumia kipindi kizima. Waulize: mji mzima utafikaje kazini Jumatatu bila basi? Nani ana gari? Petroli italipiwa na nani?

Ndipo umtaje Georgia Gilmore, mpishi. Yeye na wenzake walikaanga kuku, wakaoka keki, wakauza, fedha zikaenda kwenye magari ya kubeba watu waliosusia mabasi. Alipotoa ushahidi mahakamani mwaka 1956 alifukuzwa kazi, akaendelea kupikia nyumbani kwake. Mgomo huo wa kususia mabasi ulidumu siku 381. Kesi iliyovunja sheria ya kubagua viti vya basi ilifunguliwa kwa majina ya wanawake, Colvin akiwemo, na Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa ushindi Novemba 1956.

Watoto wa Kizungu wakiinamisha vichwa, wasimulie Robert Graetz, mchungaji Mzungu wa kanisa la Weusi, aliyewabeba watu kwa gari lake na nyumba yake ikalipuliwa kwa bomu. Wajue kulikuwa na nafasi ya kuchagua.

Ila usifungie somo kwenye ushindi, nakusihi. Januari 1957 makanisa manne ya Weusi mjini humo yalipigwa mabomu usiku mmoja. Parks alikuwa amepoteza kazi yake ya ushonaji, na mwaka huo huo yeye na mumewe wakahamia Detroit kutafuta riziki. Na hilo waambie.

Baba yako anakusalimu sana. Utuandikie darasa lilivyokwenda.

Mama yako