Mfadhili, mhisani au mdhamini?

SWALI: Kamwene mwalimu. Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi wa madarasa mawili kijijini kwetu, karibu na Mafinga. Mfanyabiashara mmoja katupa mbao zote za kenchi, na wananchi wamejitolea tofali na kusomba mchanga. Sasa tunaandaa vyeti vya shukrani. Mwenyekiti anataka huyo wa mbao aandikwe "mdhamini", mwalimu mkuu anasema "mfadhili", mimi naona "mhisani". Nani yuko sahihi? Halafu, ni "watu karimu" au "watu wakarimu"?

JIBU: Ndugu katibu, nianze na mwenyekiti, maana ndiye aliyepotea zaidi. Mdhamini anatokana na dhamana. Ni mtu anayejifunga kwa ajili ya mwenzake: anasaini fomu yako ya mkopo, au anakuwekea dhamana mahakamani, na ukitoroka anatafutwa yeye. Humo ndimo lilimotoka baraza la wadhamini, na hata wadhamini wa mpira, ambao wanalipa ili jina lao likae kifuani mwa mchezaji. Niliwahi kuhudhuria harambee ya kanisa huku Uyole, mshereheshaji akampokea mgeni rasmi kwa kumwita "mdhamini wetu mkuu". Mzee aliyekaa karibu yangu akaninong'oneza: "Kwani kanisa limekopa?" Kama bwana wa mbao hakudai bango la biashara yake ukutani, neno hilo liacheni.

Mfadhili na mhisani wanakaribiana mno, na mwalimu mkuu hajakosea. Ila matumizi yamewatenganisha. Mfadhili wa siku hizi ananukia mradi: ana bajeti, anadai ripoti, na siku moja mnaambiwa "amejitoa". Mwanafunzi anayelipiwa ada mpaka amalize chuo ana mfadhili. Tena fadhila imebeba deni tumboni. Tunasema kulipa fadhila, asiyelipa tunamwita mtovu wa fadhila, na methali nazo zimejaa malalamiko: fadhila ya punda ni mateke, wengine wanakushauri kabisa umfadhili mbuzi, kwa kuwa mchuzi wake utaunywa, binadamu ana maudhi. Mtu aliyetoa mbao akaenda zake bila masimango, mnamwekea deni hilo la nini?

Hisani ni nyepesi zaidi. Tazama chini ya picha gazetini: "kwa hisani ya" fulani, yaani mwenyewe karidhia itumike, basi. Sijasikia mtu akihimizwa kulipa hisani. (Najua, kwenye mijadala ya bajeti kule Dodoma tulizoea "nchi wahisani", na misaada yao haikukosa masharti. Siku hizi wanaitwa washirika wa maendeleo, jina lisilomtaja mtoaji wala mpokeaji.) Kwa hiyo kwenye cheti cha mbao nakuunga mkono: mhisani.

Lakini msiwaweke wananchi kwenye kapu hilohilo. Aliyeleta tofali ishirini kichwani anajenga shule ya mwanawe, na mtu hajifanyii hisani mwenyewe. Huyo amechanga. Mwandikeni mchangiaji, au kwa urefu, "aliyejitolea tofali na nguvu zake". Msione kama mnamshusha. Neno changa lina maana ya kila mmoja kuleta fungu lake, na mwenye mbao bila hao angeezeka nini?

Kuhusu karimu: ni kivumishi chenye asili ya Kiarabu, kama hodari na safi, na kwa kawaida hakichukui kiambishi. Hatusemi "watu wahodari". Basi ni mtu karimu, watu karimu. "Wakarimu" likisimama peke yake kama nomino, kama "wakarimu wamefika", sina ugomvi nalo. Ila kwenye vyeti vyenu nisingelitumia kabisa. Karimu anaweza kuwa mama anayekukaribisha ugali wa moto bila kukujua, wala hajatoa ubao hata mmoja.

Jambo dogo la mwisho, kabla hamjapeleka kazi stesheneri: ni "mhisani", bila u. Wachapaji wengi wanaandika "muhisani".