Injinia anafuata nini kwenye kina cha bahari?

Mkuu, umeuliza kwa nini watafiti wa bahari wasizame wenyewe bila mainjinia. Tatizo ni presha ya maji. Kila mita 10 unazoshuka, inaongezeka takriban kilo moja kwa sentimita ya mraba. Kwenye mita 2,500 ni kama kilo 250 juu ya ukucha mmoja. Kamera yako ya Kariakoo haifiki huko, ndiyo maana injinia anahitajika kuunda vifaa vya kuhimili. Redio nayo haiendi mbali majini, kwa hiyo walio chini na walio juu wanawasiliana kwa mawimbi ya sauti.

Mwaka 1977 nyambizi ndogo Alvin iliwashusha wanajiolojia karibu na visiwa vya Galápagos, Bahari ya Pasifiki, kutafuta chemchemi za maji moto. Wakakuta wanyama kibao gizani, na mwanabiolojia hata mmoja hakuwemo msafarani! Baadhi ya vielelezo waliviloweka kwenye vodka.