Re: Balbu za taa kubwa haziishi mwezi
Habari mkuu. Umesema balbu mpya za H4 (aina ya balbu ya taa kubwa) zinaungua pande zote mbili kabla ya mwezi kuisha. Usinunue nyingine kwanza, pima chaji. Washa gari, weka mita kwenye betri, kanyaga mafuta kidogo. Ikisoma volti 13.5 hadi 14.5, altaneta (inayochaji betri) haina neno. Ikipita 15, regyuleta (inayodhibiti volti za altaneta) ina shida, na hata ufunge balbu ya bei mbaya itaungua tu.

Chaji ikiwa nzuri, chomoa soketi. Plastiki imeyeyuka au pini zimekuwa nyeusi? Badilisha, hasa kama fundi alikufungia za wati 100 badala ya 60/55, yaani 60 ya full na 55 ya dim (wanapenda sana hilo). Na kioo cha balbu hakishikwi kwa vidole. Kikiguswa, futa kwa spiriti. Tupia namba za mita hapa tuone.