Maganda ya ndizi na risasi kwenye maji

Umeuliza kama unga wa maganda ya ndizi unaondoa risasi (ile metali yenye sumu) kwenye maji kweli, au ni porojo tu. Ni kweli, ila usiyanywe hayo maji. Pektini na selulosi, yaani nyuzinyuzi za ganda, zina sehemu zenye chaji hasi, na ayoni (chembe ndogo sana zenye chaji ya umeme) za metali kama risasi, shaba na kadimi, ambazo zina chaji chanya, hunata hapo. Pumba za mpunga, vumbi la mbao na machicha ya kahawa hufanya vivyo hivyo. pH, yaani kipimo cha asidi, ndiyo inayoamua mengi: kwenye 5 hivi kazi huenda vizuri, lakini maji yakiwa na asidi kali, ayoni za hidrojeni huwahi nafasi zile zile na risasi inabaki majini. Aseniki, sumu nyingine ya kwenye maji, ni habari nyingine. Majini huwa na chaji hasi au haina kabisa, kwa hiyo ganda tupu haliigusi sana.

Shida ya kujaribu nyumbani ni kipimo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa risasi ni mikrogramu 10 kwa lita, na macho wala ulimi havitakuambia umefika. Halafu ule unga uliokwisha kutumika ni taka yenye sumu, usiumwage shambani.