Kioo juu ya ubao wa mlango wa njumu: kitobolewe?

Swali: Assalaam aleikum fundi. Nina ubao wa mlango wa zamani, una nakshi na njumu za shaba (vile vichwa vya misumari vilivyochongoka), nataka uwe meza ya ukumbini. Kioo nimeshanunua, mita 1.2 kwa 0.7, unene milimita 10. Seremala anataka kutoboa matundu manne pembeni akikaze kwa skrubu. Nyumba iko Bububu, karibu na pwani. Nimwachie?

Jibu: Waaleikum salaam. Mzuie kwanza, mjue ni kioo gani. Kioo cha tempa, yaani kilichoimarishwa kwa moto, aghalabu huwa na mhuri mdogo pembeni, usiofutika kwa ukucha. Msipouona, vaa miwani ya jua ya polaroidi ukitazame kwa mshazari mchana: michirizi au madoadoa meusi yakijitokeza, basi ni tempa.

Tempa haitobolewi. Hupashwa moto kupita nyuzi 600 za Selsiasi kisha hupozwa ghafla kwa upepo, ngozi ya nje ikabaki imejikaza na kiini kinavutwa. Ndiyo nguvu yake, na ndiyo sababu ncha ya kekee ikizama ndani, kioo chote hugeuka chembe kama chumvi ya mawe. Matundu na kingo humalizwa kabla ya tanuri. Kikiwa cha kawaida kitatoboleka, lakini ukumbini penye watoto sikitaki: kikivunjika hutoa vipande kama visu. Afadhali ukaagize cha tempa.

Na matundu ya nini hasa? Mita moja ya mraba ina kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene, kwa hivyo kioo chako kina kilo 21. Kitatulia chenyewe.

La kuogopa ni njumu. Kioo kikiegemea ncha ya shaba, uzito wote hukusanyika hapo, na mtu akiegemeza kiwiko tu, kwisha. Pima njumu ndefu kuliko zote, ongeza milimita 10, hicho ndicho kimo cha fremu ya papi (mbao nyembamba) kuzunguka ubao. Njumu ya milimita 40, fremu 50. Juu ya fremu bandika vipira sita vya silikoni, unene milimita 3: pembe nne na katikati ya pande ndefu. Hakikisha kwa pimamaji viko sawa. Kimoja kikiwa chini, kioo kitabembea.

Usizibe ukingo kwa silikoni, hata seremala akisema ndiyo unadhifu. Unyevu wa pwani hunaswa chini, mbao zikaota ukungu na shaba ikafanya kutu ya kijani. Mwanya wa vipira ndio unaopitisha hewa. Skrubu za fremu ziwe za chuma cha pua daraja la 316. 304 hutoka madoa ya kahawia kwa hewa ya chumvi.

Kufuta: pangusa mchanga kwanza kwa kitambaa chepesi kilicholowa, kikavu hukwaruza. Maji ya kisima yakiacha madoa meupe ya chokaa, tumia siki na maji nusu kwa nusu, ukilowesha kitambaa badala ya kumwagia, siki isije ikadondokea shaba. Mkihamisha meza, kioo kitoke kwanza, na kisisimamishwe kwa pembe juu ya kigae.