Kabla Hujalipa Ada ya Masomo ya Mtandaoni

Nilisoma shahada yangu ya ualimu nikiwa Urambo, kama kilomita 90 magharibi mwa Tabora mjini. Asubuhi nafundisha darasa la nne, nikitoka kazini naingia darasani mwenyewe kupitia simu. Nilianza 2021, nikamaliza 2024. Kazi sikuacha, na watoto wangu sikuwapeleka kwa bibi yao. Usajili ukikaribia walimu wenzangu hunifuata kuuliza kama inawezekana. Inawezekana, ila kuna mambo ambayo mimi sikuambiwa, nayo yalinigharimu.

Kabla hujalipa ada, jaribu mtandao pale pale utakapokaa kusoma, saa ile ile utakayosoma, wiki nzima. Usijaribu mchana ukiwa mjini umefuata mshahara. Huku kwetu saa tatu usiku kila mtu yuko nyumbani na simu yake, mtandao unakuwa mzito hadi saa tano. Saa kumi na moja alfajiri unakimbia. Mwaka wangu wa kwanza wote niling'ang'ania usiku, nikidhani mimi ndiye mzito wa kuelewa, kumbe kipindi kilikuwa kinakatika kila baada ya sentensi mbili. Jaribu pia laini mbili tofauti. Kwangu moja inashika sebuleni, nyingine mpaka upande kichuguu kilicho nyuma ya nyumba za walimu.

Bando ni ada ya pili, na haimo kwenye karatasi ya ada. Saa moja ya video ya ubora wa kati hula karibu nusu gigabaiti. Ukiiacha kwenye ubora wa juu, inapita gigabaiti nzima. Sauti peke yake hula kidogo mno. Kwa hiyo pakua maandishi kwanza uyasome, sikiliza sauti, na video ibaki kwa somo ambalo lazima ulione kwa macho, kama hesabu zinazokokotolewa ubaoni. Kwenye WhatsApp, zima ile sehemu inayopakua picha na video bila kukuuliza, maana kundi la darasa lina watu wengi na kila mmoja ana salamu zake za asubuhi. Bando za usiku wa manane ni za bei nafuu, nami nilizitumia, lakini sikushauri uzizoee. Mwalimu aliyeamka saa nane za usiku kupakua vipindi, watoto wa darasa lake ndio wanaolipa gharama asubuhi.

Sasa niseme kilichonifanya nisikate tamaa. Sisi tuliosoma shule za msingi za serikali tulijifunza kila kitu kwa Kiswahili, tukafika sekondari tukakutana na Kiingereza, na wengi wetu tulijifunza kunyamaza. Mhadhiri akisema jambo usilolielewa, unaandika tu alichoandika jirani. Kwenye kipindi kilichorekodiwa unamsimamisha mhadhiri. Unafungua kamusi, unarudisha nyuma, unasikiliza mara ya tatu, ya nne, na hakuna anayekucheka. Nadharia za saikolojia ya mtoto nilizielewa hivyo, nikiwa jikoni, maharage yanachemka. Katika ukumbi wenye watu 300 nisingenyoosha mkono hata siku moja. Faida hii watu hawaitaji sana, wanataja nauli na pango. Kwangu ndiyo kubwa kuliko zote.

Kazi ya kukusanya, ikusanye siku mbili kabla. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zinazoleta intaneti ukanda huu ziliharibika, Tanzania ikabaki na mtandao wa kusuasua kwa siku kadhaa. Nilikuwa na kazi ya kukusanya Jumatatu, imekamilika, iko kwenye simu, haiondoki. Nilipanda kichuguu usiku na mvua ya mwisho wa msimu. Nilipomwandikia aliyesimamia somo aliniambia muda ukipita umepita, na alama zile sikuzipata. Nililia, kwa kweli. Tangu siku hiyo kila nikituma kazi napiga picha ya ukurasa unaoonyesha imepokelewa, tarehe na saa zikionekana, na naihifadhi mpaka matokeo yatoke.

Kwenye umeme maneno ni machache: nunua pawabenki kabla ya kununua kishikwambi. Tulipokuwa kwenye mgao mwishoni mwa 2023, pawabenki na taa ndogo ya sola ndivyo vilivyonibeba.

Nyumbani nako kunahitaji mazungumzo mapema, hasa kwa wewe dada yangu mwenye familia. Anayesafiri kwenda chuoni huonekana amekwenda kusoma. Wewe utakuwa umekaa pale pale, na kila mtu ataona uko na simu tu. Mimi nilikaa na mume wangu, tukakubaliana kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na mbili na nusu mimi sipo: chai ataiweka yeye, watoto atawaandaa yeye. Mkwe wangu alishangaa mwanzoni. Baadaye ndiye aliyekuwa akiwaambia watoto, "Mama yenu yuko chuo, msimguse."

Jambo la mwisho, tafuta wawili wa kusoma nao. Kundi kubwa la darasa linafaa kwa matangazo, halitagundua kuwa umepotea. Wangu walikuwa mwalimu wa Kaliua na mwingine wa Sikonge. Kila Jumamosi jioni tulipigiana simu, simu ya kawaida isiyohitaji bando, kila mmoja anawaeleza wenzake mada moja kwa Kiswahili, kisha tunatafuta namna ya kuiandika kwa Kiingereza. Mwaka wa pili mama yangu alipougua, wiki tatu sikufungua ukurasa wa chuo. Yule wa Sikonge alinipigia kila siku mbili akinisomea maelezo ya kipindi, nami nimeketi kwenye benchi la wodi. Ana kwa ana tulionana mara ya kwanza siku ya mtihani, Tabora mjini, na nilimtambua kwa sauti kabla sijamwona.