Pima mlango kwanza, halafu tafuta sofa

Dada, umeuliza kama ununue seti nzima ya sebule au kipande kimoja kimoja kwa nyumba ya mwanasesere ya enzi za Malkia Victoria (1837–1901). Mimi nasema kimoja kimoja. Sebule za wakati ule, hasa miaka ya mwishoni, zilijaa vitu vilivyokusanywa kidogo kidogo, kwa hiyo seti inayofanana mno huonekana kama dirisha la duka.

Kabla ya yote pima mlango wa nyumba yako. Ukiwa na urefu wa sentimita 17 hivi, kipimo ni 1:12, yaani futi moja imekuwa inchi moja. Ukiwa nusu ya hapo, ni 1:24, na samani za 1:12 hazitakufaa kabisa.

Anza na sofa, maana ndiyo inayobeba chumba. Tafuta yenye mgongo wa kubonyea kwa vifungo na miguu iliyokerezwa, mbao nyeusi kama mahogani. Angalia sana kitambaa! Mahameli ya kawaida ina manyoya marefu mno kwa kipimo hiki. Sofa inaonekana kama imevaa blanketi. Hariri nyepesi nyekundu iliyoiva au kijani kibichi inakaa vizuri zaidi. Kwa kipimo cha 1:12, sehemu ya kukalia nayo iwe sentimita 4 hivi kutoka sakafuni, la sivyo mwanasesere ataning'iniza miguu.

Meza ya duara, piano na meko ya ukutani vitafuata taratibu.